Kadi ya Njano Isiyowekwa

Hebu mwone anavyokuja. Bibi wa miaka sabini na saba, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, anateremka kwenye tramu karibu na lango la nyuma la makumbusho, mjini Brno, asubuhi ya Machi ambayo theluji imeyeyuka nusu na nusu imebaki kuwa tope. Mkononi ana kikapu chenye keki ya mbegu za popi iliyofunikwa kitambaa. Kwapani amebana daftari nene la jalada jeusi. Anatembea kwa hatua za mtu asiyetaka kufika, lakini hasimami. Jina lake Blažena Hořínková, na amekuja kumnyang'anya marehemu mumewe kitu ambacho mume yule alikitamani maisha yake yote.

Hakualikwa siku hiyo. Alialikwa Ijumaa, siku mbili mbele, kwa glasi ya divai na hotuba fupi. Barua ilikuwa imemfikia wiki moja kabla, kutoka kwa Daktari Vendula Křesťanová, mtaalamu wa wadudu wa pale makumbusho. Ilisema kwamba kwenye masanduku ya wadudu ya mumewe, marehemu Oldřich Hořínek, yaliyokaa stoo miaka kumi na sita tangu azikwe, amepatikana nondo asiyefanana na yeyote aliyewahi kuandikwa. Nondo wa Bulgaria, kutoka bonde la mto Struma. Makala imekamilika, Ijumaa inapelekwa kwa wachapaji, na nondo ataitwa kwa jina la Hořínek. Tena majira ya joto yakifika, Daktari mwenyewe ataenda Bulgaria na koleo lake kumtafuta akiwa hai.

Mjane mwingine angelia kwa furaha. Blažena aliisoma barua amesimama, kisha akaketi, kisha akasema peke yake jikoni, "Mungu wangu, ile gundi."

Ili uelewe gundi, lazima kwanza umwelewe Oldřich, na Oldřich haeleweki bila nondo wake.

Wapo nondo ambao hawapendi kufanana na nondo. Mabawa yao hayana lile vumbi la rangi. Ni wazi kama kioo cha dirisha, na mwili ni mweusi wenye pete za manjano, kiasi kwamba ukimwona mmoja juani utaruka nyuma ukidhani nyigu amekuja na hasira zake. Hawaumi, hawana hata mwiba. Ni watu wa maonyesho tu. Ukikimbia na wavu utarudi na wavu mtupu, kwa hiyo wanaowajua hawakimbii. Wanachimba. Mabuu wao huishi ndani ya mizizi, kila aina na mmea wake, na mtu mvumilivu huung'oa mzizi mwezi wa Aprili, akauweka ndani ya mtungi wa kioo dirishani, akasubiri.

Oldřich alikuwa mvumilivu kwa kazi. Alikuwa fundi wa njia ya reli, mtu wa kukagua mataruma na kukaza boliti, kilomita kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi. Kwenye tuta la reli ndipo alipoanza kuwaona nyigu wasiouma. Hakusoma chuo. Alijinunulia hadubini kuukuu, akajifunza Kilatini cha wadudu kama mtu anavyojifunza kucheza karata, kwa kupoteza kwanza.

Blažena alikuwa mshonaji wa glavu. Walipooana, Oldřich alimwonyesha nondo mmoja aliyemtandaza mabawa mwenyewe kwa vidole vyake vya nyundo na spana. Bawa moja lilikuwa limepasuka, jingine limeangalia juu kama anayeuliza njia. Blažena alimtazama yule mdudu, akamtazama mume, akamwambia alete ubao. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa mtandazaji. Mtu anayeshona kidole cha glavu kwa mishono thelathini isiyoonekana, bawa la nondo halimsumbui.

Oh, ile miaka. Jikoni kwao dirisha lilikuwa na mitungi badala ya maua. Mwezi wa Mei ukifika, Blažena akisonga unga wa maandazi ya plamu, macho yake yalikuwa yakienda dirishani kila baada ya dakika. Nondo wale hutoka asubuhi, jua likishapata nguvu kidogo. Kwanza mzizi unatikisika. Halafu kitu cheusi kinajisukuma nje, kimelowa, hakina sura. Halafu mabawa yanafunguka polepole, yana ukungu, na ukungu ule unaondoka, na mara unaiona mitaa ya nje kupitia kwa mdudu. Blažena alisema hakuchoka kuliona hilo hata siku moja, na mimi namwamini, maana alipolisimulia mikono yake ilijikunja kama imeshika mtungi.

Wafanyakazi wa reli walisafiri bure. Kwa hiyo kila likizo walikwenda Bulgaria, siku mbili kwa treni, wakirudi na sanduku la nguo lililojaa mizizi iliyoviringishwa kwenye magazeti yaliyoloweshwa maji. Mara moja ofisa wa forodha alilifungua, akauliza kama mizizi ile ni ya kula. Oldřich, ambaye hakujua kusema uongo hata pale uongo ulipokuwa na adabu zaidi, akajibu kwamba si ya kula, ni ya nondo. Walikaa kituoni hapo kwa saa tano. Blažena alimtania kwa hilo hadi alipokufa.

Alichokitamani Oldřich kilikuwa kimoja: aina moja tu mpya, aiandike yeye, au iandikwe kwa jina lake. Mara tatu alikaribia, mara tatu mwenzake akamtangulia kwa miezi. Kila Alhamisi wenye ugonjwa ule wa nondo walikutana kwenye baa, na hapo alikuwepo Bwana Tesárek, daktari wa meno, ambaye tayari nondo wawili walikuwa na jina lake.

"Olda," angesema Tesárek akifuta povu la bia mdomoni, "kule relini treni yako ndiyo hiyo hiyo inayochelewa kila mwaka?"

"Inayochelewa bado iko njiani," Oldřich angejibu. "Yako wewe ilifika, sasa imeegeshwa."

Watu walicheka, naye akacheka. Lakini Blažena alimwona akirudi nyumbani, akining'iniza koti bila kuwasha taa ya ukumbini.

Sasa tuje kwenye gundi.

Novemba mwaka wa themanini na sita, Oldřich alikwenda Praha kwenye siku ya kubadilishana wadudu. Blažena alibaki kubadilisha naftalini, ile dawa ya kufukuza wadudu waharibifu, kwenye masanduku. Kwenye sanduku la kumi na nne kifuniko kilikwama. Akavuta. Kifuniko kilitoka na sanduku likaenda nacho. Liliangukia zulia, hakuna kioo kilichovunjika, lakini alipoliinua aliona nondo wawili wamekatika matumbo. Vifua na mabawa vilikuwa bado juu ya pini zao. Matumbo mawili yalikuwa yamebingirika pamoja kwenye kona, meusi yote, yana pete za manjano yote.

Mmoja alikuwa wa Struma, aliyetoka kwenye mizizi ya Oldřich. Mwingine alikuwa wa Blažena mwenyewe. Aprili ya mwaka ule walipanda kilima cha Vrbůvka, kijiji alikozaliwa Blažena, na akiwa peke yake aling'oa mmea mmoja wenye utomvu mweupe kama maziwa. Oldřich aliutazama, akasema ule ni majani ya kulishia mbuzi, lakini akaubeba. Nondo alipotoka, alimtazama mabawa akasema ni yule wa kawaida wa hapa kwetu. Hata hivyo aliandika kikaratasi kwa haki kabisa: Vrbůvka, mteremko nyuma ya kikanisa, mchimbaji B. Hořínková. "Umeingia kwenye historia, mama," alimwambia, na wakaenda kula.

Kuunga tumbo la nondo lililokatika si dhambi. Wote huunga. Ila Oldřich alikuwa na sheria yake: kila aliyeungwa anawekewa chini ya pini kadi ndogo ya njano, ili atakayekuja baadaye ajue asiamini macho yake. Aina hizi, bwana wee, mabawa yanafanana mno. Kinachozitenganisha ni viungo vya uzazi kwenye ncha ya tumbo, vinavyotazamwa kwa hadubini. Tumbo ndilo kitambulisho.

Blažena alijua sheria ile. Pia alijua kwamba mumewe anarudi jioni, na kwamba amekwenda Praha akiwa na huzuni. Alichukua chupa ya gundi ya ngozi aliyokuja nayo kutoka karakana ya glavu, akaliunga tumbo hili hapa na lile pale, kwa mkono usiotetemeka. Hakuwa na uhakika. Kadi ya njano hakuiweka. Halafu akaoka keki ya mbegu za popi, siku ya Jumatatu, yeye ambaye alioka Jumamosi tu.

Oldřich alirudi, akala vipande vitatu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Blažena alidhani kata ni yeye peke yake.

Basi ndiyo hiyo aliyoibeba asubuhi ile ya Machi, pamoja na kikapu na daftari. Daftari lilikuwa la Oldřich, la miaka yake kumi na miwili ya mwisho. Blažena hakuwahi kulifungua. Mwandiko ulikuwa mdogo kama nyayo za sisimizi, nusu yake Kilatini, na kwake daftari la mume lilikuwa kama mfuko wa koti lake, hautiwi mkono. Alilileta ili Daktari apate tarehe, kama tarehe zitafaa kitu.

Vendula alimpokea kwa furaha, mwanamke wa miaka thelathini na tatu mwenye penseli kwenye nywele, akamwondolea koti, akachemsha chai. Akaanza kumweleza habari za Ijumaa, nani atakuja, nani atasema nini. Bibi alimwacha aseme hadi akaishiwa pumzi.

"Mwanangu," alisema kisha, "tumbo lile si lake."

Akaeleza yote, zulia, kona, chupa. Vendula hakumkatiza. Alipomaliza, yule daktari alisukuma kikombe chake pembeni.

"Gundi niliiona," alisema. "Nilipolitoa tumbo nilichemshe nivione viungo vyake, lilitoka kwenye gundi. Nikajiambia, huyu ni Mzee Hořínek. Angekuwa ameunga, angeweka kadi. Hakuna kadi, basi ni tone tu la kuzuia lisianguke. Kwenye masanduku sitini sijamkuta amesahau kadi hata mara moja. Miaka miwili ya kazi, Bibi, nimeisimamisha juu ya kadi ambayo haikuwepo."

"Niseme nini? Nilikuwa na miaka arobaini na tisa na akili ya mtoto aliyevunja sahani."

"Ungeniandikia tu mapema."

"Mapema nilikuwa sijajua kwamba utamchemsha."

Vendula alicheka bila kutaka, na kicheko kile ndicho kilichowainua vitini. Walikwenda stoo, wakalishusha sanduku la kumi na nne. Vendula alimchukua yule wa Vrbůvka, akamweka chini ya hadubini, akasukuma manyoya ya ncha ya tumbo kwa brashi yenye nywele tatu. Haikuchukua muda. Tumbo lililokuwa kwa nondo wa Vrbůvka lilikuwa la aina ya Struma, inayojulikana tangu zamani. Kwa maneno mengine, matumbo yalipishana. Lile la ajabu, lisilofanana na la yeyote, lilitoka kilimani Vrbůvka, kwenye majani ya kulishia mbuzi.

"Kwa hiyo mpya yupo," alisema Bibi.

"Yupo. Lakini siwezi kumwandika kwa mdudu aliyegawanyika. Nani ataniamini safari hii? Nahitaji mzima, aliyetoka kwenye mzizi mbele ya macho yangu." Akavuta penseli nyweleni, akairudisha. "Na makala naiondoa leo. Jina nalo linaondoka."

Blažena aliitikia kwa kichwa. Hilo ndilo alilolijia, na bado lilipotamkwa alihisi kama amemzika mtu mara ya pili.

Vendula aliuliza kama daftari lingeweza kuwaambia mzizi ule ulichimbwa wapi hasa. Yeye mwandiko wa sisimizi alikuwa ameuzoea, amekaa nao miaka miwili kwenye vikaratasi vya masanduku. Alifungua, akatafuta Novemba, akaanza kusoma kimoyomoyo, kisha akasimama. Alimtazama Bibi kama anayeomba ruhusa. Bibi alisema, soma.

"'Sanduku la 14. Wawili wameungwa. Gundi ya glavu, harufu yake naijua. Kazi safi kuliko yangu. Matumbo yamepishana. Keki ya popi siku ya Jumatatu. Kadi siweki, ataiona.'"

Blažena alikiweka kikapu chini.

"'Desemba. Tumbo la yule wa Blaženka nimelitazama mara tatu. Si la yeyote ninayemjua. Ni mpya. Aliyeungwa haandikwi, anatakiwa mzima.'" Vendula alifunua kurasa. "'Aprili themanini na saba. Nyuma ya kikanisa, mizizi arobaini. Hamna.' Themanini na nane, hamna. Themanini na tisa, mvua, hamna. Inaendelea hivyo kila Aprili, Bibi."

Ndipo Blažena alipoyaona yale matembezi. Kila Aprili, asubuhi moja au mbili, Oldřich akivaa viatu vya tope na kusema anakwenda kuyapelekea mapafu hewa. Blažena akimwambia, subiri nifunge kitambaa twende wote, yeye husema, baki, mama, nitatembea haraka. Jioni anarudi na udongo kwenye magoti, anaosha mikono kwa muda mrefu, na yeye Blažena anajiuliza kimoyomoyo hewa gani hii inayopitia magotini. Mara moja alimtania kwamba huko kilimani ana mjane wake. Oldřich alijibu kwamba anaye, ila mjane hafungui mlango. Walicheka wote wawili, kila mmoja upande wake.

"Ya mwisho," Vendula alisema, sauti imeshuka. "'Aprili tisini na nane. Magoti hayataki. Hamna. Ningemuuliza Blaženka alichimba wapi hasa, lakini ataniuliza kwa nini.'"

Oldřich alikufa Oktoba ya mwaka ule.

Bibi alichukua kitambaa kilichofunika keki, akajifuta uso, akakikunja tena vizuri kama kwamba kazi yake ilikuwa hiyo tangu mwanzo. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu anayeweza kulia muda wowote.

"Haikuwa nyuma ya kikanisa," alisema. "Nilimwambia nyuma ya kikanisa kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nimebanwa, mwanangu. Nikapita kikanisa, nikateremka hadi kwenye ukuta ulioanguka wa shamba la mizabibu, nikachuchumaa. Mmea ulikuwa mbele ya pua yangu. Sasa mtu yule, mkweli vile, ningemwambia? Angeandika kwenye kikaratasi."

Walikula keki yote wakiwa stoo, jambo ambalo sheria za makumbusho zinalikataza kabisa.

Katikati ya Aprili walipanda basi kwenda Vrbůvka. Walipita kikanisa. Mashimo ya Oldřich hayakuwepo tena, nyasi zilikuwa zimeyafunika, lakini Bibi alisimama pale kidogo, na Vendula akajifanya anatafuta kitu mkobani. Ukuta ulikuwa bado umeanguka vile vile. Chini yake, mahali ambapo trekta haliwezi kugeuka, palibaki vichaka tisa vya ule mmea wa utomvu mweupe. Bibi alichuchumaa kwa taabu, akashika bua kavu la mwaka uliopita, akalivuta. Lilikatika bila kubisha, na kwenye kisiki chake palikuwa na kishimo na unga wa kahawia.

"Huyo," alisema. "Chimba pembeni, usimchome."

Walichukua mizizi mitatu tu. Miwili ilikwenda makumbusho. Wa tatu uko jikoni kwa Bibi, ndani ya mtungi dirishani, kwenye alama ya duara ambayo mitungi ya zamani iliacha kwenye mbao na hakuna rangi iliyoweza kuifuta. Vendula humpigia simu kila asubuhi, wanazungumza hali ya hewa, na wote wawili wanajua hawazungumzii hali ya hewa. Juzi alimuuliza aseme mwenyewe, nondo akitoka mzima, aandikwe kwa jina la nani, maana la Oldřich linaweza kurudi, na la Blažena nalo lina haki, liko kwenye kikaratasi tangu mwaka ule.

"Ngoja kwanza atoke," Bibi alijibu. Kisha, simu ikiwa bado sikioni, akaugeuza mtungi kidogo kuelekea jua.

Mimi nimelizungusha swali hilo kichwani nisipate pa kulitua, kwa hiyo nakuachia wewe. Mmoja alimchimba bila kujua alichokishika, akaficha mahali kwa aibu. Mwingine alijua ni nini, akamtafuta Aprili kumi na mbili kwa magoti yake, akakosa kwa kuwa hakutaka kumwaibisha mkewe kwa swali moja. Ungekuwa wewe unayeshika kalamu, ungeandika jina la nani?